Kihisi cha sukari si pambo kwa anayeishi kwa insulini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu kauli ninayoisikia mara kwa mara, kliniki na hata mtaani kwetu hapa Tanga, kwamba vihisi, yaani vile vifaa vidogo vya kupima sukari vinavyobandikwa mkononi, ni mapambo ya wenye fedha, na kwamba mtu mzima mwenye kisukari anatosheka na kuchoma kidole na kupima tone la damu. Mimi najidunga insulini mwaka wa 19 sasa, na hadi mwaka jana nilikuwa na msimamo huohuo.

Daftari langu la kliniki lilikuwa safi. Nilipima asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya chakula, nikaandika 6, 7, mara mojamoja 8 (kwa kipimo cha mmol/L), na daktari akanisifu. Mwenye mashaka alikuwa mke wangu, kwa sababu usiku alinikuta nimelowa jasho nikisema maneno yasiyoeleweka, nami kulipokucha nikakana kwamba lolote limetokea. Mpwa wangu anayefanya kazi Muscat alipokuja likizo aliniletea vihisi viwili, kila kimoja cha siku 14. Usiku wa tatu tu simu niliyoiunganisha na kihisi ilionyesha kwamba saa tisa sukari yangu ilikuwa 2.8, yaani chini mno, na ilipotimia saa kumi na mbili asubuhi ilikuwa imekwisha kupanda yenyewe hadi 6.4. Katika siku hizo 14 hali hiyo ilijirudia mara tano. Insulini ya mchanganyiko niliyojidunga jioni ilikuwa ikifikia ukali wake nikiwa usingizini, katikati ya vipimo vyangu viwili, kwa hiyo hakuna hata kimoja kilichoikamata. Daktari alipoiona ile chati alipunguza dozi ya jioni, akanitaka nile kitu kidogo kabla ya kulala.

Hata kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, HbA1c, kisingenifichua, kwani anayeshuka hadi 3 usiku na kupanda hadi 13 mchana anaweza kupata jibu lilelile analopata mwenzake anayekaa kwenye 8 kutwa nzima.

Hata hivyo, kifaa hiki kina mipaka yake, na nimekwisha kuona watu waliotupa glukomita zao, zile mashine za kupimia damu ya kidole, siku waliyokipata. Kihisi kina uzi mwembamba unaopima sukari iliyo kwenye majimaji ya chini ya ngozi, si kwenye damu yenyewe, na ndiyo maana husoma kwa kuchelewa dakika kadhaa, hasa baada ya mlo au kazi ya nguvu. Ukikilalia, kinaweza kudai umeshuka ilhali hujashuka. Baadhi ya aina hupotoshwa na vitamini C ya dozi kubwa. Mwili ukisema hivi na simu ikasema vile, choma kidole.

Kuhusu faida yake kwa watu wazima, hatuhitaji kubahatisha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017, kwa watu wazima 158 wenye kisukari aina ya kwanza (ile ambayo mwili hautengenezi insulini yake) wanaojidunga sindano kama sisi, ulionyesha kwamba baada ya wiki 24 HbA1c ya waliotumia vihisi ilikuwa imeshuka kwa takriban pointi 1.0 ya asilimia, na ya waliochoma vidole kwa pointi 0.4. Mwaka huohuo utafiti mwingine, wa akina mama wajawazito wenye kisukari aina hiyo, ulionyesha kwamba watoto wa waliotumia vihisi walipata kwa uchache zaidi tatizo la sukari kushuka baada ya kuzaliwa, na hawakulazwa sana kwenye uangalizi maalumu. Uingereza, tangu mwaka 2022, mwongozo wa tiba unataka kila mtu mzima mwenye aina ya kwanza apewe nafasi ya kutumia kihisi.

Sitadai kwamba kila mmoja wetu apewe kihisi mwaka mzima, wakati zipo kliniki ambako vijiti vya kupimia huisha kabla ya mwezi kwisha. Vijiti vije kwanza. Ninachoomba ni kwamba, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekwisha kupitishwa, wanaopanga kitita cha mafao wafikirie kihisi kimoja cha wiki mbili, mara mbili kwa mwaka, kwa anayetumia insulini. Ipo aina iliyotengenezwa kwa ajili ya kliniki, ambayo kifaa kimoja cha kusomea huhudumia wagonjwa wengi: mgonjwa hubandikwa, huenda zake, na daktari huisoma chati anaporudi. Aina hiyo haina kengele ya kumwamsha mtu usiku, kwa hiyo haitawafaa wale ambao sukari yao hushuka bila dalili yoyote, wala mama mjamzito; hao wawili ningewaweka mbele ya foleni kwa vihisi vya kudumu, hata mbele yangu mimi.

Kihisi changu cha pili bado kiko kabatini, na muda wake wa matumizi haujaisha. Nitakibandika wiki mbili kabla ya Ramadhani, ili daktari aione chati kwanza ndipo aniambie kama mwaka huu nifunge.

Mwalimu wa sekondari,
Tanga.