Picha za Safari Rally ya zamani zisitangaze sigara tena

Mhariri,

Nimezisoma kurasa zenu za kumbukumbu za Safari Rally, mashindano yetu ya magari, ya miaka ya 1980, na nawashukuru kwa zile picha za madereva Björn Waldegård na Juha Kankkunen wakipasua matope na Toyota Celica. Sisi tuliokulia Nakuru tulizijua gari hizo kwa mlio kabla hazijachomoza. Ila mwandishi wenu ameyataja mashindano kwa jina lake la wakati ule, Marlboro Safari Rally, akasema ni jina lenye mvuto, kisha akapita. Hapo naomba tusimame kidogo. Mvuto huo ulitengenezwa na watu, kwa fedha nyingi na kwa makusudi, na vijana wanaosoma gazeti lenu hawajui ulitoka wapi.

Kampuni ya Philip Morris ilianza kuiuza Marlboro nchini Marekani mwaka 1924, ikiwa sigara ya wanawake. Tangazo lake lilidai kwamba ni laini kama mwezi wa Mei, ambao kule ni mwezi wa maua. Baadaye ncha yake ilitiwa rangi nyekundu ili alama ya rangi ya mdomo isionekane. Hakuna aliyeiona kama sigara ya mwanamume shupavu. Mwanamume aliyejali sura yake mbele ya wenzake asingeishika.

Kilichobadilisha mambo ni saratani. Mwaka 1950 watafiti wa Marekani na wa Uingereza, kila upande kwa uchunguzi wake, walichapisha matokeo yaliyoihusisha sigara na saratani ya mapafu. Wavutaji wakaingiwa na hofu, wengi wakaanza kutafuta sigara zenye kichungi wakiamini kwamba zina nafuu. Kichungi nacho kilikuwa na tatizo sokoni, kwa kuwa wanaume walikiona kitu cha kike. Basi mwaka 1954 Philip Morris wakaikabidhi Marlboro kwa Leo Burnett, mtu wa matangazo wa Chicago, ili aifanye sigara ya kiume. Matangazo yake ya kwanza yalikuwa na wanaume wa kila namna, wengine wakiwa na chale ya wino mgongoni mwa mkono, lakini aliyeshinda wote ni kauboi, mchunga ng'ombe aliye peke yake juu ya farasi. Pakiti nayo ikabadilishwa, ikawa ile ngumu ya kufunguka kwa kifuniko, nyekundu na nyeupe.

Naomba jambo hili lieleweke vizuri. Watu walikuwa wamehofia uhai wao, na jibu walilopewa lilikuwa picha ya mwanamume asiyeogopa kitu. Mwezi Januari mwaka huo huo wa 1954, kampuni za tumbaku, Philip Morris ikiwamo, zililipia tamko katika magazeti zaidi ya 400 ya Marekani zikisema zinaamini kwamba bidhaa zao hazidhuru afya. Nakutajia hilo, Mhariri, kwa sababu lilipita mikononi mwa wahariri kama wewe. Ilichukua zaidi ya miaka 50 hadi Jaji Gladys Kessler wa mahakama ya Washington alipoamua, mwaka 2006, kwamba kampuni hizo ziliudanganya umma kwa miongo mingi kuhusu madhara ya sigara, na hata kuhusu zile zilizoitwa nyepesi.

Kauboi alifanya kazi kuliko walivyotarajia. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marlboro ilikuwa sigara inayouzwa zaidi duniani. Mwaka 1971 Marekani iliyaondoa matangazo ya sigara kwenye redio na televisheni, lakini picha ile haikuhitaji maneno. Ilihamia kwenye majarida na mabango ya barabarani, kisha ikapanda magari. Mwaka 1972 jina la Marlboro lilikuwa kwenye gari za timu ya BRM katika mbio za Formula 1, na mwaka 1974 likahamia kwa timu ya McLaren. Tangazo lililofukuzwa mlangoni lilirudi kwa dirisha, safari hii likiitwa mchezo.

Na huko ndiko lilikotukuta. Marlboro haikuwa sigara ya watu wengi hapa kwetu. Aliyevuta alivuta Sportsman au Embassy, na soko lilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine ya sigara, BAT. Kwa nini basi walipie mashindano yetu? Mimi naona jibu liko ndani ya picha zenyewe. Pundamilia, vumbi la Bonde la Ufa, mto uliofurika, mwanamume na gari lake katika nchi isiyo na ukuta: hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye mabango ya kauboi, farasi tu ndiye aliyekuwa hayupo. Nchi yetu ilikuwa mandhari ya tangazo lililotazamwa Ulaya na Japani. Sisi watoto tuliookota stika na kuzibandika kwenye madaftari tuliingia bure, na hakuna mtu mzima aliyeshangaa kuona jina la sigara kwenye daftari la hesabu.

Wapo watakaosema haya ni ya kale na kila mtu sasa anajua sigara inaua. Wangewauliza waliokuwa kwenye mabango. Wayne McLaren, mpanda farasi wa mashindano aliyepigwa picha za matangazo ya Marlboro, aliugua saratani ya mapafu, akasimama mbele ya wenye hisa wa Philip Morris kuwaomba wapunguze matangazo, na akafariki mwaka 1992 akiwa na miaka 51. David McLean, kauboi wa kwenye televisheni, alifariki kwa saratani hiyo hiyo mwaka 1995. Eric Lawson, naye wa matangazo hayo, alifariki mwaka 2014 kwa ugonjwa sugu wa mapafu. Hawa walikuwa watu, na nyuso zao zilitumika kuwaambia wengine wasiogope.

Hapa nchini, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilipiga marufuku matangazo ya sigara na ufadhili wa michezo wa aina ile. Tangu 2021 Safari Rally imerudi kwenye mashindano ya dunia, vumbi la Naivasha linatimka vilevile, na watoto wanajaa kando ya njia bila jina la sigara kuandikwa juu ya mashindano yao. Hilo lilipiganiwa, na nataka lilindwe. Kila tunapozichapisha picha za zamani na kulisifia lile jina bila maelezo, tunawapa wenye sigara kitu ambacho sheria imewanyima, na hawatulipi hata senti.

Siombi picha zifichwe wala jina lifutwe. Historia ya mchezo wetu ni hiyo na madereva wale wanastahili heshima yao. Naomba tu kwamba mtakapochapisha nyingine, muweke chini yake sentensi mbili: kwamba mashindano yalibeba jina la sigara kwa sababu kampuni ya sigara ililipia, na kwamba kwa sheria ya 2007 ni kosa kufanya hivyo Kenya. Na mwandishi wenu wa michezo akipata nafasi, awatafute madaktari wa mapafu wa hospitali zetu, awahoji katika kurasa hizo hizo za rally, si kwenye ukurasa wa afya ambao shabiki wa magari huuruka.

Mwalimu mstaafu,
Nakuru