Barua ya wazi kwa waheshimiwa wa Tabora

Waheshimiwa wanangu, mwangaluka.

Juzi nilihudhuria baraza la madiwani, nikakaa benchi la nyuma. Hoja ilikuwa fedha za pampu ya kisima cha kata yetu kuhamishiwa matumizi mengine. Diwani wetu, kijana niliyemwona akikua, alituahidi kwa mdomo wake kwamba atapinga. Wakati wa kura akanyoosha mkono kuunga mkono, macho kayainamishia makabrasha. Nje nikamuuliza, mwanangu, vipi? Akanijibu kwa sauti ya chini: "Babu, kikao cha chama kilishaamua jana." Kesho yake wajukuu zangu waliamka saa kumi alfajiri, madumu manne kwenye baiskeli, kufuata maji.

Nilimhurumia. Najua mbunge akivuliwa uanachama, na ubunge umekwenda. Diwani naye anaogopa kukatwa jina. Lakini hofu hiyo msiiite uaminifu kwa chama.

Mji huu unaujua uaminifu. Januari 1958 TANU ilikutana hapa hapa Tabora kuamua kama iingie uchaguzi wa kura tatu, ule wa kumlazimisha mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wajumbe wengi walikuja wakitaka kususia, na uchungu wao ulikuwa wa haki. Mwalimu Nyerere akabishana nao kwa hoja, mpaka wengi wakaona kwamba kususia ni kuchelewesha uhuru. Zuberi Mtemvu hakukubali. Akatoka, akaanzisha chama chake. Swali mezani lilikuwa nchi itapataje uhuru, si nani atabaki na cheo.

Na Tume ya Jaji Nyalali, ile iliyoundwa kukusanya maoni kama nchi ibaki na chama kimoja au iwe na vyama vingi, ilipouliza wananchi, karibu asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Chama tawala kingeweza kushikilia hapo. Mwaka 1992 kikaruhusu vyama vingi, wakati hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukilazimisha kwa kura. Hilo nalikumbuka kwa heshima hadi leo.

Nanyi wa upinzani, jambo jema likiletwa na wenzenu, liungeni mkono. Maji hayana kadi.

Hoja ya kisima itarudi baraza lijalo. Isemeeni ndani ya vikao vya vyama vyenu, kabla mikono haijanyooshwa. Nitakuwa benchi lile lile la nyuma.

Babu yenu,
Tabora