Kabla ya kutolewa damu, taja chupa zako zote

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Soko la vipimo vya kujikinga na maradhi na vidonge vya kurefusha maisha limepanuka sana nchini India, na ndugu zetu wanaokwenda kutibiwa Chennai, Hyderabad au Ahmedabad hurudi na bahasha nene ya majibu pamoja na mfuko wa chupa za vidonge hivyo. Nina jambo moja la kusema kuhusu vitu hivyo viwili. Chupa zinavuruga majibu, na mara nyingi anayetolewa damu haulizwi anatumia nini.

Nianze kwa kuwatendea haki Wahindi wenyewe, maana hofu yao ina msingi. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la India uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kuwa watu milioni 101 wana kisukari, na wengine milioni 136 sukari yao imeanza kupanda. Mwili wa Mhindi huweka mafuta tumboni na kwenye ini mapema, hata kama mikono na miguu ni myembamba. Ndiyo maana kule uzito uliozidi huanza kuhesabiwa BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, ikifika 23 badala ya 25, na kiuno cha mwanamume kikivuka sentimita 90, au cha mwanamke sentimita 80, ni dalili ya hatari. Kipimo hicho kinahitaji futi ya fundi cherehani tu: izungushwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi, mtu akiwa ameshatoa pumzi ya kawaida. Anayelivuta tumbo ndani anajidanganya mwenyewe. Ukiongeza presha, sukari ya asubuhi kabla ya kula, mafuta ya damu, na kipimo cha Lp(a), yaani mafuta ya kurithi ambayo Wahindi wengi wanayo kwa wingi na ambayo inatosha kuyapima mara moja maishani, umeshapata sehemu kubwa ya unachohitaji kujua.

Lakini kinachouzwa ni kifurushi. Mpimaji anafika nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, mteja akiwa hajala tangu usiku, anajaza tyubu tatu au nne, na jioni majibu yako kwenye simu. Hata sheria ya kodi imesaidia: kifungu cha 80D cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 1961 kimekuwa kikiruhusu mlipakodi kupunguziwa hadi rupia 5,000 za uchunguzi wa kinga. Ni jambo jema. Shida ni tangazo linaposema "vipimo 80". Picha kamili ya damu, inayotoka kwenye tyubu moja, hutoa mistari zaidi ya 20, na kila mstari unahesabiwa kuwa kipimo. Tena kiwango cha kawaida kinachochapishwa pembeni mwa jibu hupangwa hivi: watu 95 kati ya 100 walio wazima wawe ndani yake, watano waliobaki wawe nje ingawa hawaumwi. Mtu mzima akipimwa vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano kwamba angalau kimoja kitatoka nje ya kiwango ni asilimia 64. Kwa hiyo rangi nyekundu kwenye karatasi ya mistari 80 karibu lazima iwepo, na rangi nyekundu ndiyo inayouza chupa ya kwanza.

Mara nyingi chupa hiyo ni vitamini D. India huuzwa kwa vipakti au vidonge vya yuniti 60,000. Dozi ya kawaida ni kipakti kimoja kwa wiki, kwa wiki nane, kisha unapunguza. Kosa linalorudiwa ni kunywa kila siku, kwa sababu mtu amezoea kwamba vitamini ni ya kila siku. Piga hesabu: wiki nane kwa utaratibu sahihi ni yuniti 480,000, na miezi miwili ya kila siku ni 3,600,000. Vitamini D hukaa kwenye mafuta ya mwili, haitoki na mkojo kama vitamini C, hivyo kalsiamu ya damu hupanda na kubaki juu kwa wiki nyingi hata baada ya kuacha. Dalili zake ni kiu, kukojoa sana, choo kigumu, kutapika na kuchanganyikiwa, kisha figo. Mtu wa aina hiyo anaweza kutibiwa vidonda vya tumbo huku kipakti kikiendelea.

Hatari iliyojificha zaidi iko kwenye vidonge vya nywele na kucha. Ndani yake mna biotini, mara nyingi mikrogramu 10,000 kwa kidonge, wakati mtu mzima anahitaji mikrogramu 30 hivi kwa siku. Biotini haimdhuru mnywaji. Inadhuru kipimo. Mashine nyingi za homoni hutumia biotini kama kamba na streptavidini kama ndoano: kinachopimwa hufungwa kwenye kamba, ndoano inaikamata, mashine inasoma. Damu ikiwa imejaa biotini ya kidonge, ndoano zinashikwa zote na kile kinachopimwa kinasafishwa pamoja na maji. Kwa vipimo vya tezi ya thairoidi, TSH, homoni inayoiamuru tezi, inasomeka chini kuliko ilivyo, na T4, homoni ya tezi yenyewe, inasomeka juu kwa kuwa hupimwa kwa njia ya ushindani, ambapo ishara ikipungua mashine huhesabu kuwa homoni ni nyingi. Ukiziweka pamoja unapata picha kamili ya tezi inayofanya kazi kupita kiasi, kwa mtu ambaye tezi yake haina tatizo lolote. Daktari asiyejua habari ya kidonge anaweza kumwanzishia dawa ya kuituliza tezi isiyo na ugonjwa. Si kila mashine ina udhaifu huu, na maabara inajua yake ni ipi. Iulize.

Kuna pia kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, ambacho hutangazwa sana. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya familia wa India wa 2019 hadi 2021 ulikuta asilimia 57 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Upungufu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma hupandisha HbA1c kwa uongo, kwa kuwa chembe nyekundu zinabaki za zamani zilizokaa na sukari muda mrefu. Mwanamke mwenye upungufu huo akianza vidonge vya chuma, chembe mpya zinazaliwa na namba inashuka. Ikiwa wakati huohuo alikuwa anakunywa juisi ya karela na zambarau iliyonunuliwa kwa jina la tiba ya sukari, juisi ndiyo itakayosifiwa, na jirani mwenye kisukari cha kweli ataacha dawa yake ya metformin aifuate. Anayesoma majibu asome hemoglobini, yaani wingi wa damu, kwanza, ndipo asome HbA1c.

Wenye kubandika kifaa cha sukari mkononi, kile cha siku 14, nao wajue mawili. Kwa baadhi ya vifaa hivyo, kikiwemo FreeStyle Libre, vitamini C inayozidi miligramu 500 kwa siku inaweza kupandisha namba kwa uongo, na tembe moja ya kuyeyusha majini huwa na 1,000. Na ukiulalia mkono wenye kifaa, usiku utasomeka kama sukari imeporomoka. Namba ya kushtua ihakikishwe kwa tone la damu la kidole. Wanaokunywa kreatini ya mazoezi wakumbuke kwamba hugeuka kreatinini, taka inayopimwa kujua hali ya figo, hivyo figo isiyo na tatizo inaweza kuonekana dhaifu. Kipimo kingine cha figo, sistatini C, hutatua ubishi huo.

Kwenye ini mambo yanageuka: hapo namba mara nyingi ni ya kweli, na chupa ndiyo mkosaji. Mitishamba ya ashwagandha na giloy, na vidonge vya manjano vilivyochanganywa na dondoo la pilipili manga vimeripotiwa kuumiza ini. Manjano ya mchuzini hayana neno. Dondoo la pilipili manga lilionyeshwa kuongeza ufyonzaji wa kurkumini, kiini cha manjano, mara 20, na hapo tunazungumzia dawa. Na zipo dawa za Ayurveda, tiba ya jadi ya India, za tawi la rasa shastra ambazo huwekewa madini kwa makusudi. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au arseniki. Vifurushi vingi vya bei nafuu havipimi risasi kwenye damu, hata vikijisifu kwa mistari 80.

Mnunuzi asome lebo. Namba ya leseni ya FSSAI, mamlaka ya usalama wa chakula ya India, yenye tarakimu 14 maana yake ni chakula, na chakula hakiruhusiwi kudai kinaponya. Dawa ya Ayurveda ina leseni ya aina nyingine, chini ya sheria ya dawa ya 1940, na sheria ya 1954 inakataza kutangaza tiba ya kisukari na magonjwa mengine yaliyoorodheshwa. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya India iliifikisha kampuni ya Patanjali, inayouza dawa za Ayurveda, mahali pa kuomba radhi magazetini kwa sababu ya matangazo yake. Sheria ipo, na mnunuzi anaweza kuitumia akiwa dukani.

Ninachoomba ni mstari mmoja kwenye fomu ya kila maabara, kule na huku kwetu: "Umetumia vitamini, unga au dawa gani za asili katika siku 14 zilizopita, na kiasi gani?" Mteja ajibu kwa kupiga picha lebo, maana majina husahaulika. Anayepimwa Jumatatu asubuhi aache biotini tangu Ijumaa asubuhi, na kama dozi yake ni kubwa kuliko hiyo ya nywele, aache mapema zaidi kwa maelekezo ya maabara. Dawa alizoandikiwa na daktari asiziache bila kumwuliza.

Mwenye maumivu ya kifua hana siku tatu za kusubiri. Biotini inaweza kushusha kwa uongo kipimo cha troponini kinachoonyesha shambulio la moyo, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mgonjwa mmoja kufariki katika hali hiyo. Akifika mapokezi, yeye au aliyemleta ataje kidonge cha nywele hapohapo, kabla damu haijatolewa.

Mtaalamu wa maabara,
Dar es Salaam