Kwa mdogo wangu anayestaafu mwezi ujao

Mdogo wangu,

Nimesikia kwa watu, si kwako, kwamba mwezi ujao unatimiza miaka 60 na kwamba ofisini wameshaanza kukuchangia zawadi. Ningekupigia simu, lakini simu zetu za miaka miwili hii huishia kwenye salamu na habari za mvua, kwa hiyo nakuandikia hapa, mahali ambapo najua unapita na kusoma hata kama huachi neno.

Mwaka 2009, serikali ya Kenya ilipopandisha umri wa kustaafu wa watumishi wake kutoka miaka 55 hadi 60, tulishangilia kana kwamba tumeongezewa miaka mitano ya kuishi, ilhali tuliyoongezewa ilikuwa ya kuamka saa kumi na moja alfajiri. Nilipoacha kufundisha, mwezi wa kwanza nililala, mwezi wa pili nikapanga kabati, na mwezi wa tatu nikajikuta nimesimama dirishani kila asubuhi nikihesabu watoto wa majirani wanaochelewa shule. Hapo nikajua kwamba nisipojitafutia shughuli nitakuwa bibi wa kumnung'unikia kila apitaye. Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia upumzike. Kuhusu kiinua mgongo sikufundishi, kwa sababu wewe ndiwe mtu wa hesabu; ninalotaka kukwambia ni habari ya siku zenyewe, namna zinavyokuwa ndefu.

Jumatatu na Jumatano nakaa na wajukuu, na nimejifunza kwamba mjukuu ni furaha pale saa ya kurudi kwao inapojulikana tangu asubuhi. Jumamosi nakwenda maktaba ya Kaloleni kuwasikiliza watoto wakisoma kwa sauti. Silipwi, na nauli ni yangu, lakini yupo mtoto mmoja aliyekuwa akiruka kila neno refu ambaye sasa ananisahihisha mimi. Siku zinazobaki nashona.

Najua umekunja uso hapo. Vumilia kidogo, maana kushona mfarishi wa viraka si kazi ya kupitisha wakati kama unavyodhani. Vipande navipata kwa mafundi wa soko la Gikomba, ambao huvitupa kwa magunia, na kwanza navifua vyote, kwa kuwa pamba hurudi na rangi mbichi huchujuka, na kitambaa kimoja chekundu kisichofuliwa chaweza kuharibu kazi ya miezi miwili. Kisha nakata kwa kipimo, napiga pasi kila mshono, na sehemu ya juu ikikamilika naitandaza juu ya blanketi jembamba na shuka la chini, napiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, kuanzia katikati kuelekea pembeni ili pasibaki mikunjo, ndipo nashona kupitia matabaka yote matatu. Ukikosea robo inchi kwa kila kipande, mstari wa vipande 12 unapungua inchi 3, nao haukutani tena na mwenzake. Wewe uliyekesha ukitafuta shilingi kumi zilizopotea kwenye daftari ungeipenda kazi hii kuliko mimi, kama usingeiita ulivyoiita.

Siwezi kuandika zaidi bila kuitaja siku ile. Ilikuwa akika ya mjukuu wangu, wakwe wamejaa sebuleni, mtoto amelazwa juu ya mfarishi niliouanza siku chache baada ya arobaini ya Mama. Ulimwinua mtoto, ukampa mtu, ukaugeuzageuza ule mfarishi mwanga wa dirisha ukiupiga, kisha ukaanza kusoma kwa sauti majina ya leso, yale maneno yanayoandikwa kwenye kanga, yaliyokatika. Ulisoma "dereva ni", ukanyamaza, ukawauliza wageni, "Ni nani?" Wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Ndipo ukanigeukia: "Dada, leso za Mama ndizo ulizozifanya matambara?" Hakuna aliyecheka tena. Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

"Mungu" alikuwapo, mdogo wangu, viraka vinne kushoto. Ungeangalia ungemwona.

Na kwa kuwa umenifikisha hapa, nikukumbushe sanduku. Tulipolifungua kule Majengo, wewe ulichukua bangili, nami sikusema kitu. Leso ukazisukuma kwangu kwa mguu, si kwa mkono, ukasema za zamani zile utazifanyia nini. Nyingi zilikuwa zimechanika kwenye mikunjo, na mende walikuwa wameshaonja pindo. Leso iliyofungiwa sandukuni huoza ikiwa imekunjwa vizuri. Mimi niliokoa kila palipokuwa pazima, nikatunza mji wake, ile sehemu ya katikati, na pindo lake, na leo mtoto ambaye Mama hakumwona anajifunika nguo alizojifunga Mama akienda kisimani kwa maneno, maana wote tunajua alikuwa akienda kupiga soga. Kama hayo ni matambara, basi sijui heshima ni nini. Nilimuuguza miaka mitatu. Sikuhitaji ruhusa ya mtu aliyekuja Ijumaa kwa Ijumaa.

Nimeisoma tena sentensi hiyo ya mwisho na nimeiacha, ingawa wanaotusoma hawakujui na watakuhukumu. Ulikuwa na kazi, watoto walikuwa wadogo, na Ijumaa zako hazikukosa hata moja. Na ni kweli kwamba sikukuuliza. Niliyashika makasi usiku, peke yangu, kwa sababu nilijua ungekataa.

Ipo doti moja ambayo sikuigusa. Mama aliinunua mtaa wa Biashara na hakuwahi kuikata wala kuipinda, kwa hiyo leso mbili bado zimeungana kama zilivyotoka dukani. Nimejaribu mara mbili kuikata katikati ili nikupelekee yako, na mara zote mbili nimeirudisha kwenye karatasi yake. Jina lake sitaliandika hapa. Siku za Jumanne niko nyumbani baada ya adhuhuri, na cherehani iko karibu na dirisha. Ukija, njoo bila mashahidi.

Dada yako