Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Prufu Kwanza, Uzinduzi Baadaye

Wanachama wenzangu,

Katiba ya chama chetu cha waandishi inanitaka niwaeleze mwaka umeendaje. Hesabu za fedha mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitazungumzia vitabu, maana ndivyo vilivyotukutanisha. Mwaka huu wanachama wametoa diwani, riwaya, hadithi fupi, tawasifu na historia za mitaa. Karibu vyote ni kazi za watu ambao majina yao hayajavuma, na vingi vimegharamiwa na akiba ya mwandishi mwenyewe. Kosa likipenya hadi kwenye karatasi, ni yeye aliyelilipia. Na msomaji aliyethubutu kununua kitabu cha mwandishi asiyemjua, akakuta kurasa zinabanduka mkononi, harudi kumjaribu tena.

Kamati ya usomaji imevipitia vitabu hivi kimoja kimoja, na jambo moja limejitokeza. Vipaji vipo, tena vingi. Kinachoviangusha vitabu vyetu ni zile wiki chache kati ya siku mwandishi anapomaliza mswada na siku mashine inapoanza kuchapa. Ukumbi wa uzinduzi unalipiwa, mialiko inatumwa, kisha ndipo prufu, yaani nakala ya majaribio ya kusahihishwa, inafika. Inasomwa usiku mmoja, kwenye simu, na asubuhi mpigachapa anaambiwa aendelee. Sehemu kubwa ya taarifa hii inahusu wiki hizo.

Diwani

Nimefurahi kuona mashairi ya arudhi, yale yanayofuata kanuni za vina na mizani, na mashairi huru yakikaa pamoja katika diwani zetu bila ugomvi. Walioteleza zaidi ni wa arudhi, na wameteleza kwenye mizani, yaani idadi ya silabi. Sitaki kumwaibisha mtu, kwa hiyo nimetunga mshororo wa mfano:

Kumepambazuka mjini, matatu yapiga honi

Utao, yaani kipande cha pili, uko sawa: ma-ta-tu-ya-pi-ga-ho-ni, mizani 8. Ukwapi, kipande cha kwanza, una 9: ku-me-pa-mba-zu-ka-m-ji-ni. Mtunzi amehesabu "mji" kama silabi moja, ilhali "m" hiyo inatamkwa peke yake na ni mizani kamili, kama ilivyo katika "mtu" na "mke". Katika "pambazuka" hali ni nyingine: m imeshikana na b, na "mba" ni silabi moja. Ukiandika "Kumeshakucha jijini, matatu yapiga honi", unapata 8 kwa 8 na kina cha "ni" kinabaki palepale. Kosa la namna hii jicho hulipita hata mara kumi. Soma kwa sauti huku ukigonga meza kwa kila silabi, au umpe mwenzako asome nawe ugonge.

Tatizo la pili la diwani liko kwenye upangaji wa kurasa. Ukurasa wa A5 una upana wa milimita 148. Ukiacha pambizo la milimita 20 kila upande, unabaki na 108. Mshororo wa mizani 16 huwa na herufi 40 hivi pamoja na nafasi, na mara nyingine hufika 50. Kwa herufi za ukubwa wa pointi 11 unaenea vizuri. Kwa pointi 14, ambazo wengi wetu huzipenda kwa kuwa zinasomeka kwa urahisi, neno la mwisho la mshororo mrefu linaanguka mstari wa chini. Kina cha utao kinahama mahali pake, na ubeti wa mishororo 4 unaonekana kama una 7. Mwenye macho hafifu atasaidiwa zaidi na karatasi isiyong'aa na nafasi ya kutosha kati ya mistari. Na tafadhali, kibwagizo kisitenganishwe na ubeti wake. Mahali pasipotosha, ubeti mzima uhamie ukurasa unaofuata.

Riwaya na hadithi fupi

Hapa kamati imesoma kurasa nyingi kuliko kwingineko, na imesoma kwa raha. Mazungumzo ya wahusika yana uhai, hasa wanapozungumza kama watu wa Nairobi wanavyozungumza kweli. Sheng haina kosa. Kosa ni mhusika yuleyule kusema "mathe" ukurasa wa 12 na "mama yangu mzazi" ukurasa wa 14 bila sababu yoyote ndani ya hadithi. Amua kila mhusika anasemaje, kwa nani, kisha uandike orodha yake pembeni. Orodha hiyohiyo iwe na umri, kazi, siku za matukio na njia anazopita. Ukimpandisha mhusika matatu ya Dandora na kumshusha Kawangware bila kumpitisha katikati ya jiji, msomaji wa Nairobi hatakuamini hata ukimweleza habari ya mapenzi.

Tahajia imetutesa kwa sababu inayojulikana. Programu nyingi za kuandikia zimewekwa Kiingereza, basi kila neno la Kiswahili linapigiwa mstari mwekundu, mwandishi anachoka, anazima ukaguzi wote. Baada ya hapo "baadae" linapita badala ya "baadaye", "kwasababu" linaunganishwa, na "kalamu" inageuka "karamu". Programu hiyohiyo ikiachiwa kukata maneno mwisho wa mstari hufuata kanuni za Kiingereza, nawe unakuta "nyum-ba" mahali pa "nyu-mba". Zima ukataji wa maneno kabisa, au mpangaji akate kwa mkono. Kagua pia alama ya ng'. Mswada ulioandikwa nusu kwenye simu na nusu kwenye kompyuta huwa na alama mbili au tatu tofauti, na baadhi ya fonti hazina mojawapo, hivyo ng'ombe anatokea na kisanduku kitupu katikati. Tafuta zote, uziweke za aina moja. Kwa neno lenye utata, Kamusi Kuu ya Kiswahili ya 2015 iwe mwamuzi wetu, angalau tusibishane ndani ya kitabu kimoja.

Historia za mitaa na tawasifu

Nasema bila kusita kwamba hivi ndivyo vitabu ambavyo Nairobi inavihitaji zaidi kutoka kwetu, maana wazee wanaoijua mitaa hii wanapungua kila mwaka. Ndiyo sababu kosa la tarehe humo linaumiza. Reli ilifika hapa 1899, lakini Nairobi haikuwa jiji hadi tarehe 30 Machi 1950. Simulizi ya 1945 inayotaja "Baraza la Jiji" ina kosa, hata kama mzee aliyehojiwa ndivyo alivyosema. Acha maneno yake yalivyo, kisha usahihishe katika maelezo yako. Tarehe moja ya kumbukumbu ithibitishwe na hati moja: barua, stakabadhi ya kodi, gazeti, au faili katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue.

Picha zimeharibu zaidi ya kitabu kimoja. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa. Ikibaki na pikseli 1,200 kwa upana, basi kwa nukta 300 kwa inchi itachapika vizuri kwa inchi 4 tu, yaani sentimita 10. Ukiivuta ijaze ukurasa mzima, sura za watu zinakuwa ukungu. Omba picha yenyewe, uiskani upya, au uombe itumwe kama faili. Kuhusu haki, chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001 picha hulindwa kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipofikishwa kwa umma au ilipochapishwa, kutegemea lipi lilikuja mwisho. Picha ya harusi iliyo kwenye albamu ya shangazi bado inaweza kuwa na mwenyewe. Pata ruhusa kwa maandishi. Na kitabu cha historia kisicho na faharasa ya majina mwishoni ni vigumu kwa mtafiti kukitumia. Faharasa hutengenezwa mwisho kabisa, namba za kurasa zikiwa hazibadiliki tena, si kabla.

Kwa mpigachapa

Riwaya ya maneno 60,000, kwa wastani wa maneno 280 kwa ukurasa wa A5, inafika kurasa 214 hivi. Mashine za ofseti huchapa karatasi kubwa inayokunjwa kuwa fungu la kurasa 16, hivyo hesabu nzuri ni 224, yaani mafungu 14. Kurasa 10 zinazobaki zina kazi: jina la kitabu, haki za mwandishi, tabaruku (maneno ya kumtunukia mtu kitabu), yaliyomo. Ukipeleka kurasa 226 umelipia fungu la kumi na tano kwa ajili ya kurasa 2.

Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina unene wa karibu milimita 0.1. Kurasa 224 ni karatasi 112, kwa hiyo mgongo wa kitabu ni milimita 11 na kidogo. Msanii wa jalada anahitaji kipimo hiki kabla hajaanza, la sivyo jina la mgongoni litapinda hadi upande wa mbele. Umpe kipimo baada ya kuchagua karatasi, kwani ya gramu 70 ni nyembamba zaidi.

Kuhusu kurasa kubanduka: gundi haishiki mgongo laini. Lazima mgongo ukwaruzwe vya kutosha kabla ya gundi ya moto kupakwa, na katika kazi ya haraka hatua hiyo hurukwa. Sababu nyingine ni nyuzi za karatasi kulala kukata mgongo badala ya kwenda nao sambamba. Kitabu hicho hakitulii kikifunguliwa, nacho hujikunja wakati wa mvua. Kabla hujapokea mzigo, chukua nakala 3 kutoka maboksi tofauti, fungua kila moja katikati hadi ilale mezani, kisha uvute ukurasa mmoja kwa nguvu ya kawaida. Ukurasa ukitoka, mzigo haupokelewi. Uwe unachapia River Road, uwe Industrial Area, omba nakala moja ya mfano iliyounganishwa kabisa kabla ya zote kuchapwa.

ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa. Ina tarakimu 13, na za Kenya huanza na 978-9966 au 978-9914. Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kina namba yake. Msimbopau uwe mweusi juu ya nyeupe, na nafasi tupu pembeni. Mistari myekundu hupendeza kwenye jalada, lakini mashine nyingi za dukani hutumia mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo wekundu na weupe ni kitu kimoja. Kumbukeni pia nakala za amana, zile za kuhifadhiwa kwa kumbukumbu, kwa Msajili wa Vitabu na Magazeti na kwa maktaba ya taifa. Ziingizeni kwenye bajeti.

Bei na mauzo

Tuseme mpigachapa anadai shilingi 300 kwa nakala, nawe unachapa 200. Hiyo ni 60,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ambayo tangu 2013 inatozwa vitabu pia, inaongeza 9,600. Sasa nakala moja imekugharimu 348. Mwandishi ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka halazimiki kujisajili kwa kodi hiyo, na asiposajiliwa hawezi kudai kurudishiwa 9,600 zake. Ukiuza kwa 800 na duka likachukua asilimia 35, unapokea 520. Zinabaki 172 kabla ya nauli, uhariri na nakala za bure. Nakala 20 za bure zimekula 6,960, ambayo ni faida ya nakala 40 hivi. Wanachama waliopanga bei ya 500 "ili watu wanunue" walikuwa wakipokea 325 dukani. Walilipa shilingi 23 kwa kila msomaji.

Maduka mengi hupokea vitabu vyetu kwa mali kauli, yaani hulipa baada ya kuuza. Si vibaya, lakini bila hati yenye idadi, tarehe, asilimia ya duka na siku ya kulipana, kumbukumbu ya pande zote mbili hupotea. Peleka nakala 5, rudi baada ya siku 30 uhesabu rafu kwa macho yako, pokea pesa, ongeza. Maonyesho ya vitabu ya Septemba pale Sarit yanafaa, ila meza moja tukiichanga pamoja. Maktaba za McMillan, Kaloleni na Makadara zikumbukwe pia, kwani huko kitabu kimoja husomwa na wengi.

Mapendekezo kwa mkutano

Kamati inaomba mkutano uamue mambo matatu. La kwanza, chama kisitangaze uzinduzi wowote hadi prufu ya karatasi iwe imesomwa na watu 2 wasiokuwa mwandishi, mmoja wao akisoma kwa sauti, na siku 21 ziwe zimepita tangu prufu itoke. Najua wapo watakaoona siku hizo ni nyingi. Kurasa 224 kwa kurasa 20 kwa siku ni siku 12, na bado hujasahihisha wala hujakagua masahihisho yenyewe, ambayo nayo huleta makosa mapya. La pili, kila diwani ipitiwe na mtunzi mwingine kwa ajili ya mizani na vina, bila malipo, kwa kubadilishana. La tatu, chama kiweke daftari la wapigachapa likionyesha karatasi, gundi na muda waliotumia kwa kila kitabu, ili mwanachama mpya asianze gizani.

Kura zitapigwa pendekezo moja baada ya lingine. Mwenye prufu mezani aje nayo siku hiyo, pamoja na kalamu nyekundu na rula ya milimita. Tutaanza nazo saa moja kabla ya mkutano.

Mwenyekiti
Nairobi