Wilaya isiyo na msajili wa ndoa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze yaliyotupata mimi na mchumba wangu, wakazi wa wilaya jirani na Moshi Mjini, tulipotaka kufunga ndoa ya kiserikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi apate muda wa kulileta, na hilo hatulilalamikii. Tulifika ofisini tukiwa na picha, vyeti vya kuzaliwa na barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri ambao wino wake haujakauka, tukaambiwa kuwa msajili amehamishwa, kitabu kimefungiwa kabatini, twende mjini. Huko nako karani, kwa upole lakini bila kuinua macho, alitaka barua ya utambulisho kutoka ofisi ileile iliyoturudisha. Tulilipa nauli mara nne, tukiwa na mshenga wetu mzee (nadhani yeye ndiye aliyechoka zaidi), na siku 21 zilikuwa hazijaanza hata kuhesabiwa.

Ninaloomba ni dogo: ofisi isiyo na msajili ipokee taarifa na kuipeleka yenyewe panapohusika, au walau ibandike mlangoni mahali pa kwenda na nyaraka zinazotakiwa. Sheria hiyohiyo haibatilishi ndoa kwa kukosa kusajiliwa tu, lakini mjane anayefuatilia mirathi bila cheti hulazimika kutafuta mashahidi wa harusi, ambao wengine wameshazikwa.

Msomaji wako,
Moshi