Risala ya Klabu ya Kemia kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Kilwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko na kufika Kilwa. Risala ya wahitimu imeshasomwa, na uzio, bweni na madawati vimeshatajwa, hivyo hatutavirudia. Sisi wa Klabu ya Kemia tumepewa dakika kumi na kichwa kimoja cha habari: hali ya viwanda vya kemikali na petrokemikali (zile zitokanazo na mafuta na gesi) nchini, na huko viendako. Kemia tunaisoma kwa Kiingereza. Kuiandika kwa Kiswahili kumetuchukua jioni tatu, basi tukijikwaa utusamehe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utafiti wetu ulianzia kwenye ndoo. Mama wa mwanachama mwenzetu mmoja yumo kwenye kikundi cha kutengeneza sabuni ya maji. Jumamosi moja tulikaa uani kwake, tukawa tunauliza kila kinachoingia kwenye ndoo kimetoka wapi. Salfoniki, ile nzito ya kahawia kama asali iliyoungua, imenunuliwa Kariakoo, na kabla ya Kariakoo ilikuja na meli. Asili yake ni mafuta ghafi. Slesi, ile ya kutoa povu, meli. Soda ashi, meli. Rangi na manukato, meli. Tulipofika kwenye chumvi, ile inayotiwa mwisho ili sabuni ishikane, mama akacheka: "Hiyo ya hapa hapa, wanangu." Chumvi ya mashamba yetu ya pwani.

Baada ya siku ile tumeviona viwanda vya nchi yetu kwa jicho jingine. Vya Dar es Salaam, Arusha na Mwanza vina mashine kubwa kuliko ndoo, lakini vingi kazi yao ni ile ile ya uani. Rangi za nyumba huchanganywa. Chembe za plastiki huyeyushwa zikawa mabomba, viti na madumu. Povu la magodoro huumuliwa. Malighafi yenyewe imeshuka bandarini. Hatuidharau kazi hiyo, maana imewaajiri ndugu zetu wengi. Tunachosema ni kwamba hatua ya kwanza ya kemia, ile ya kuvunja kitu cha asili na kukiunda upya, hufanyika kwa wengine, sisi tukapokea hatua ya mwisho.

Haikuwa hivyo siku zote, au tuseme haikukusudiwa iwe hivyo. Mwaka 1966 mtambo wa kusafisha mafuta wa TIPER ulianza kazi Kigamboni, kwa ubia wa Tanzania na Waitaliano. Ukafanya kazi zaidi ya miaka 30, kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 ukazimwa, na leo pale ni matangi ya kuhifadhi mafuta yaliyosafishwa kwingine. Mwaka 1972 Tanga ikaanza kutengeneza mbolea. Kiwanda kilikuwa kizuri, kando ya bahari, ila amonia yake, kemikali inayobeba naitrojeni ya mbolea, iliagizwa nje, salfa iliagizwa nje, na hata mwamba wa fosfati uliagizwa mpaka Minjingu, kule Manyara, ilipoanza kuchimbwa mwaka 1983. Fedha za kigeni zilipokuwa adimu kiwanda kikawa kinameza kuliko kinavyotema. Kilifungwa mwaka 1991.

Sasa sikiliza upande wa pili, Mheshimiwa, kwa sababu upande wa pili ni hapa ulipokaa. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha hapa kwetu Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Miaka ya 1980 ukaja mpango wa KILAMCO, kiwanda cha amonia na mbolea ya urea hapa Kilwa Masoko, kitumie gesi hiyo. Wazee wetu wanalijua jina hilo kuliko sisi. Kiwanda hakikujengwa. Mwaka 2016 mpango wa namna hiyo ukafufuliwa, safari hii TPDC, shirika la petroli la Serikali, ikiwa na kampuni za Ujerumani, Denmark na Pakistan, na hadi tunaandika risala hii hatuna kiwanda cha urea Kilwa. Kwa hiyo Tanga walikuwa na kiwanda wasiwe na malighafi, na sisi tuna malighafi tusiwe na kiwanda, na kati ya Tanga na Kilwa ni pwani moja ambayo jahazi linaipita kwa siku chache.

Gesi haikulala bure, tusiseme uongo. Tangu mwaka 2004 inatoka kisiwani kwa bomba la chini ya bahari la kilomita 25, inapanda nchi kavu Somanga, halafu inakwenda kilomita 207 nyingine mpaka Ubungo. Mwaka 2015 likaongezeka bomba kubwa kutoka Mtwara. Gesi hiyo imewasha taa za nchi nzima, na viwanda vya saruji na vioo vinaitumia kwenye matanuri. Lakini kuchoma ni kuchoma. Mwalimu wetu alituambia gogo la mninga linaweza kuwa kuni na linaweza kuwa mlango, na ukishalifanya kuni huna tena mlango.

Tueleze kidogo huo mlango. Gesi ya Songo Songo karibu asilimia 97 ni methani, yaani kaboni moja iliyozungukwa na haidrojeni nne. Ukiipitisha pamoja na mvuke wa maji kwenye joto kali, haidrojeni inaachana na kaboni. Haidrojeni hiyo ukiikutanisha na naitrojeni ya hewani, hewa hii hii tunayoivuta bila kulipia, kwenye nyuzi joto zipatazo 450, kwa mgandamizo mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida na kichocheo cha chuma kinachoharakisha kazi, unapata amonia. Ile kaboni iliyoachwa ikiwa dioksidi ya kaboni hurudishwa ikaungana na amonia, ikawa urea, mbolea yenye naitrojeni asilimia 46. Hakuna cha kuagiza hapo isipokuwa mitambo na kichocheo. Gesi ipo, maji yapo, hewa ipo.

Hapa kuna jambo ambalo sisi wenyewe hatukulijua, na tunadhani wapo wakubwa pia wasiolijua. Watu husema tukiwa na gesi tutatengeneza plastiki. Plastiki ya kawaida huanzia kwenye ethani, gesi nyingine yenye kaboni mbili, au nafta. Nafta hutoka kwenye mtambo wa kusafisha mafuta ghafi, nao tumeuzima. Ethani kwenye gesi yetu ni kidogo mno, kwa sababu gesi yetu ni kavu, yaani karibu yote ni methani. Basi Songo Songo haitupi plastiki kwa urahisi. Inatupa amonia, urea na methanoli. Kwa maoni yetu hilo si hasara hata kidogo, kwa nchi ambayo mwaka 2022 mfuko wa urea wa kilo 50 ulivuka shilingi 120,000, mpaka Serikali ikaingiza ruzuku ili mkulima aupate kwa 70,000. Ruzuku ile iliokoa msimu, nayo bado ni fedha iliyokwenda kununua naitrojeni ya watu.

Wazazi waliopo hapa wengi wana mikorosho, nao watasema urea ni habari za Mbeya na Songea. Kweli. Lakini salfa mnaijua. Kila mwaka mikorosho ikianza kutoa maua, baba anabeba mashine mgongoni kupuliza unga wa njano dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na akirudi jioni macho ni mekundu na shati linanuka. Salfa ile kwa sehemu kubwa si ya kuchimbwa. Huondolewa kwenye mafuta na gesi chafu za nchi nyingine, kwao ni kama takataka za usafishaji. Shehena kubwa zake hupita bandari ya Dar es Salaam kwenda kwenye migodi ya shaba ya Kongo na Zambia. Gesi yetu ni safi, haina salfa ya kuondoa. Kwa hiyo hata tukijenga kila kitu, salfa ya korosho tutaendelea kuinunua, na tumeona tuseme hivyo kuliko kuwapa wazazi ahadi hewa.

Chumvi ndiyo iliyotukosesha usingizi. Ukipitisha umeme kwenye maji ya chumvi iliyosafishwa unapata vitu vitatu kwa mpigo: kostiki soda ya kutengenezea sabuni, klorini ya kutibu maji ya kunywa, na haidrojeni. Tulijaribu maabara kwa betri na fito mbili za kaboni tulizozitoa kwenye betri kuukuu za redio. Povu lilitoka pande zote mbili na harufu ya klorini ikajaa chumba, tukakimbilia madirishani, mwalimu akatufokea kisha akacheka. Nchi yenye mashamba ya chumvi pwani nzima na mgodi wa Uvinza kule Kigoma bado inanunua kostiki soda kwa meli. Kazi hiyo hula umeme mwingi, na zamani hilo lilikuwa jibu tosha la kutoifanya.

Sasa jibu limebadilika, na hapo ndipo tunapoona matumaini. Jirani zetu wa Rufiji wamepata bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Umeme wa maji ukishaingia kwenye gridi kwa kiasi hicho, hoja ya kuichoma gesi yote kwa ajili ya taa inapungua nguvu. Nchi imegundua gesi futi za ujazo trilioni 57.54, na sehemu kubwa iko kina kirefu baharini, ile inayozungumziwa kuwa itasindikwa Likong'o, Lindi, na kuuzwa nje ikiwa kimiminika. Mengine yanatembea polepole. Minjingu inaendelea na fosfati yake. Nala, Dodoma, mwekezaji kutoka Burundi amejenga kiwanda cha mbolea inayochanganya samadi na madini. Engaruka kumepatikana magadi mengi ya kutengenezea soda ashi, na tunaona ni heri huko kuliko Ziwa Natron, ambako mpango wa awali ulipingwa kwa sababu ya ndege heroe wanaotaga pale.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukiambiwa tuchague kimoja tu, tungechagua amonia, na tungeichagua Kilwa. Tunajua mvutano wa siku zote ni bei: mwenye kiwanda anataka gesi rahisi, mwenye kisima anataka ilipe kama umeme unavyolipa. Sisi si wachumi. Lakini tunaomba siku wakubwa wakikaa kuzungumzia Likong'o, pawepo mtu wa kuuliza ni kiasi gani cha gesi hiyo kimetengwa kiwe malighafi hapa nchini, na si kiasi gani kitauzwa. Tunakuomba utufikishie swali hilo kama lilivyo.

Maombi yetu mengine ni ya hapa shuleni, nayo ni mawili.

La kwanza ni mtungi. Maabara yetu inapasha moto kwa jiko la mtungi mmoja wa gesi ya kupikia. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua na barabara ya kusini ikakatika huku Kilwa, mtungi wetu uliisha na dukani hapakuwa na mwingine. Tulisoma mazoezi ya kupasha chumvi kwa kutazama picha kitabuni. Gesi ya mtungi si ile ya bombani, hilo tunalijua, ya mtungi ni propani na butani na inakuja kwa meli kama salfoniki ya mama. Hata hivyo ni vigumu kumweleza mwanafunzi wa kidato cha pili anayeishi Somanga kwa nini gesi inapita kwao usiku na mchana na yeye hana moto wa kuchemshia neli ya kioo. Tunaomba mitungi miwili ya akiba.

La pili ni safari. Tumeuchora mtambo wa Songo Songo ubaoni, tumeufanyia mtihani, na tukiondoa mwenzetu mmoja ambaye kwao ni kisiwani, hakuna aliyewahi kuuona. Nauli ya boti na kibali ndivyo vilivyotushinda. Tuko wanachama 31, na makoti ya maabara tunayo.

Baada ya chakula tunakukaribisha maabara. Mezani utakuta sabuni ya mama, fito zetu za kaboni, na neli moja yenye kloridi ya amonia na chokaa ambayo tutaipasha moto mbele yako. Litmasi nyekundu, karatasi ya kupimia, itageuka buluu. Hiyo itakuwa ni amonia iliyotengenezwa Kilwa, pengine nusu kijiko, kwa hiyo Mheshimiwa tunakuomba usiisogelee sana kwa pua.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Kemia.